Usikipigie Debe Usichokijua

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangefufuka leo wakaona vitu vinavyotembezwa katika simu zetu, sijui wangeongeza neno gani juu ya methali yao. Maana kibaya cha siku hizi hakihitaji hata kutembea. Hubebwa mgongoni na watu wazuri: majirani zetu, wanakwaya wenzetu, mabinamu zetu, na, niseme bila kuficha, wanafunzi wa shule hii yetu.

Ndugu msomaji, bila shaka unaelewa ninachokisema. Kila muhula unapofunguliwa utawasikia wenzetu wakisimuliana jinsi walivyochuma likizoni kwa kutangaza bidhaa za watu. Simu haziruhusiwi bwenini, lakini jambo hilo halijaizuia biashara hata kidogo. Vikaratasi vyenye nambari za mwaliko hupitishwa mezani wakati wa chajio kana kwamba ni majibu ya mtihani. "Ukifika nyumbani jiunge kwa nambari yangu," mmoja husema. "Nunua kwa linki yangu bwana, kwani utapungukiwa na nini?" mwingine hudakia. Bidhaa zenyewe ni za kila aina: mafuta ya kung'arisha ngozi, kozi za kutajirika, programu za mikopo, taa za sola, viatu, hata michezo ya kamari.

Sikushika kalamu ili kuwakashifu wanaofanya kazi hii. La hasha! Namjua mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne aliyejinunulia sare na vitabu kwa kamisheni ya likizo, wakati ambapo kwao hapakuwa na wa kumtegemea ila mama yake peke yake. Kazi halali haina aibu. Tena tumefundishwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Lakini katika kazi hii, na wahenga waniwie radhi, asiyechagua jembe ndiye asiye mkulima. Kwa hivyo sitauliza kama tutangaze bidhaa za watu au tusitangaze. Nauliza hivi: ni bidhaa zipi zinazostahili kupigiwa debe kwa sauti zetu?

Kabla ya kulijibu swali hilo, hebu tuieleze kazi yenyewe kwa ajili ya walimu wetu na wale ambao bado hawajaguswa na upepo huu. Kwa kweli si kazi ngeni. Dalali tumemjua miaka na mikaka. Ukitaka kununua ng'ombe, shamba au gari kuukuu, yuko mtu anayemjua mwenye mali na anayekujua wewe mwenye haja. Huwakutanisha, mkaelewana, naye akapata chake. Kilichobadilika ni kwamba dalali wa leo haketi mnadani. Anaketi nyumbani na simu yake.

Kampuni ya Amazon ya Marekani, iliyoanza kwa kuuza vitabu, ilianzisha mpango wake wa namna hii mwaka 1996, na tangu hapo mipango kama hiyo imeenea duniani kote. Mtu hujiandikisha, akapewa linki au nambari yake mwenyewe. Mnunuzi akiifuata linki hiyo hadi dukani, mtandao huweka alama ya kukumbuka ametumwa na nani. Akinunua kabla alama hiyo haijaisha muda, dalali hulipwa asilimia fulani ya bei. Kwa Amazon, muda huo kwa kawaida ni saa 24 tu. Mnunuzi akirudisha bidhaa, kwa kawaida kamisheni nayo hufutwa. Dalali hanunui bidhaa, haiweki stoo, haipakii kwenye basi. Mtaji wake ni mmoja tu: watu wanaomwamini.

Naomba uyashike maneno hayo ya mwisho, maana ndiyo nguzo ya hoja yangu. Mwenye duka akiuza unga mbovu, hasara inaanzia kwenye gunia lake. Dalali akiuza kitu kibovu, hasara inaanzia kwenye jina lake, kwa kuwa hana gunia lingine. Na jina, tofauti na unga, haliagizwi upya Jumatatu.

Basi wenzetu huchagua bidhaa vipi? Nimewauliza wengi, na karibu wote hujibu swali kwa swali: "Inalipa ngapi?" Hebu tulifanyie hesabu. Tuseme kuna taa ya sola ya shilingi 3,000 ambayo dalali wake hulipwa asilimia 5. Akiuza moja anapata shilingi 150. Kando yake kuna kozi ya mtandaoni ya shilingi 2,000, na dalali wake hupewa nusu ya bei, yaani shilingi 1,000. Ili mwuza taa amfikie mwuza kozi, itambidi auze taa saba kwa kozi moja. Nani basi atajisumbua na taa? Mtu yeyote aliyepita Hesabu za darasa la sita ataikimbilia kozi.

Lakini hebu tuulize kwa nini moja hulipa kidogo na nyingine hulipa vinono. Taa imeundwa kiwandani, imevuka bahari, imelipiwa ushuru Mombasa, imesafirishwa kwa lori, na mwenye duka naye ana kodi ya kulipa. Kilichobaki ni kidogo, hivyo dalali hugawiwa kidogo. Kozi hurekodiwa mara moja tu, na nakala ya elfu moja haimgharimu mwenyewe hata ndururu. Ndiyo maana anaweza kugawa nusu bila kuumia. Sisemi kwamba kila kinacholipa sana ni utapeli. Zipo kozi nzuri za upishi, za ushonaji na za kompyuta. Nasema kamisheni haitoki mbinguni. Humo ndani ya ile bei ya shilingi 2,000, elfu moja ni ya mdomo wako. Jiulize basi: ukiutoa mdomo wako, kilichobaki kinamfaa mnunuzi kwa bei hiyo?

Mtaani kwetu kuna mama mmoja auzaye mboga. Kijana mmoja tunayeimba naye kwaya alikuwa mteja wake wa kila siku, na mara nyingi mama huyo alimpa sukuma wiki kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Siku moja kijana alimletea habari za kozi ya kupata pesa kwa simu. Alimwonyesha picha za magari na ujumbe wa pesa zilizoingia. Mama akatoa shilingi 1,500 za kununulia mboga za siku mbili. Alipofunguliwa hiyo kozi, mwanawe ndiye aliyemsomea. Zilikuwa kurasa chache zinazofundisha jambo moja: namna ya kuwauzia wengine kozi hiyo hiyo. Mama hakupiga kelele wala hakwenda polisi. Alisema tu, "Huyo mtoto alikuwa akila kwangu." Siku hizi yule kijana hupitia njia ya nyuma, kwenye matope, ili asipite mbele ya kibanda. Alipata kamisheni yake, sikatai. Ila kila jioni analipa riba.

Kisa hiki kinanifanya nipendekeze vipimo vichache vya kuchagulia bidhaa. Si vigumu, na havihitaji shahada ya chuo kikuu.

Kipimo cha kwanza ni hiki: je, ningemshauri dada yangu akinunue hiki kitu hata kama silipwi senti? Jibu likiwa ni "hapana" au "sijui," basi mazungumzo yaishie hapo. Anayeweza kujibu "ndiyo" ni yule aliyekitumia mwenyewe, au amekiona kikitumika kwa muda wa kutosha kujua ubaya wake. Nasema ubaya kwa makusudi. Mtu ambaye hawezi kukutajia kasoro hata moja ya bidhaa anayoisifu, huyo hajaitumia, amekariri tangazo. Taa yangu ya sola haiwaki usiku kucha siku za mawingu ya Julai. Mimi niliyeitumia najua, na ninayemshauri nitamwambia.

Kipimo cha pili: pesa zinatoka wapi? Biashara ya kweli hupata pesa kutoka kwa mtu anayetaka kitu chenyewe, awe ni mkulima anayetaka mbegu au mwanafunzi anayetaka kamusi. Ukiona kwamba unalipwa hasa kwa kuwaingiza watu, na kwamba nao wanalipa ili waingie, fahamu kwamba hapo hakuna bidhaa. Bidhaa ni wewe na rafiki zako. Hiyo ndiyo inayoitwa piramidi, na hesabu yake haijawahi kutoka sawa tangu dunia iumbwe. Chukua mtu mmoja aingize sita, na kila mmoja wa hao aingize sita. Ngazi ya pili wako 36, ya tatu 216, ya nne 1,296. Endelea hivyo. Kufikia ngazi ya kumi unahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296 nchini Kenya, ukihesabu na watoto wachanga na wazee wa miaka mia. Kwa hivyo kabla ya ngazi ya kumi kujaa, taifa zima limekwisha, na wale walioingia mwisho, ambao ndio wengi kuliko wote, hawana wa kumwingiza. Wao ndio waliolipa sherehe ya walio juu.

Nchi yetu imelionja pigo hilo. Miradi ya piramidi iliporomoka miaka ya 2006 na 2007, na kikosi maalum kilichoundwa na serikali kikatoa ripoti mwaka 2009 iliyoonyesha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 8 zilipotea. Wengi waliopoteza waliingizwa na watu waliowaamini, wakiwemo jamaa zao na waumini wenzao. Na msidhani tulijifunza. Mwaka 2022 programu moja iliyojiita Amazon Web Worker Africa iliwanasa wengi hapa nchini kwa kujivika jina la kampuni kubwa, kisha ikatoweka na pesa zao. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza miradi ya piramidi, na inakataza pia kumweleza mnunuzi uongo kuhusu bidhaa. Kwa hivyo anayesambaza vikaratasi vya aina hiyo mezani petu asijidanganye kuwa anafanya mzaha.

Kipimo cha tatu: je, bidhaa hii ni salama na halali? Hapa nitasema waziwazi, hasa kwa dada zetu. Mafuta ya kung'arisha ngozi ndiyo yanayotembezwa sana, tena yanalipa kamisheni nono. Mwaka 1998 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku orodha ndefu ya vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kuharibu figo. Miaka yote hii imepita na vikopo vya namna hiyo bado vinapatikana, vingine havina hata maandishi ya kueleza kilichomo. Sasa mwenzangu, wewe ambaye somo la Kemia linakutoa jasho, umejuaje kilichomo katika kikopo kisicho na maandishi? Kama hujui, utamshauri vipi rafiki yako ajipake usoni?

Njia ya kujisaidia ipo. Bidhaa zilizoidhinishwa hapa nchini hubeba alama ya ubora ya KEBS pamoja na nambari ya kibali. Ukituma ujumbe mfupi wenye SM#, kisha nambari hiyo, kwenda 20023, utaelezwa kama kibali hicho ni cha kweli. Ni kazi ya dakika moja. Dalali asiyeweza kutoa dakika moja kwa ajili ya ngozi ya rafiki yake, huyo si dalali, ni mwindaji.

Kuhusu programu za mikopo, Benki Kuu ya Kenya ilipewa mamlaka ya kuzisimamia kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2021, baada ya kilio kikubwa cha wananchi ambao wakopeshaji waliwapigia simu jamaa na waajiri wao ili kuwaaibisha. Benki hiyo hutoa orodha ya waliopewa leseni. Ambaye hayumo, usimwalike rafiki yako kwake, hata ukiahidiwa shilingi 200 za mwaliko. Kwa hakika, hata aliyemo, fikiri mara mbili: unampendekezea mtu deni. Ama kamari, sina haja ya kumaliza wino. Sheria inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18, na wengi wetu hapa bado hatujafika. Kumpa mwanafunzi mwenzako nambari ya mwaliko ya kamari ni kumpa kamba ajifunge, kisha ukalipwa kwa kila fundo.

Kipimo cha nne, na hiki husahauliwa sana: je, watu wangu wanakihitaji? Kila mmoja wetu ana watu wanaomsikiliza. Wa kwangu ni wakulima wadogo wa chai, bibi zangu wa kanisani, na wanafunzi wenzangu. Nikianza kuwatangazia saa za elfu thelathini, nitawauzia nani, na kwa gharama ya nini? Lakini buti nzuri za mvua, taa ya kusomea, karatasi za mitihani ya majaribio zenye majibu sahihi, hivyo vinaingia katika maisha yao bila kusukumwa. Dalali mwema huanza kwa kuwatazama watu wake ndipo atafute bidhaa. Dalali mbaya huanza na bidhaa ndipo awatafute watu wa kuwabebesha.

Kipimo cha tano: kikiharibika, mnunuzi ataenda wapi? Uliza kama kuna waranti, kama bidhaa inaweza kurudishwa, kama kuna nambari ya simu inayopokelewa na binadamu, na kama gharama ya kuituma hadi kijijini imetajwa tangu mwanzo. Kitu cha shilingi 800 kinachosafirishwa kwa shilingi 450 si kitu cha shilingi 800. Mwenye bidhaa asipokuwa na mlango wa kugongwa, mlango utakaogongwa ni wa kwenu.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba mnunuzi ana macho yake, na dalali ni mpashaji wa habari tu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mnunuzi angelikuta tangazo barabarani. Lakini hakulikuta barabarani. Alilipata kwako. Yule mama wa mboga hakuisoma kozi, alikusoma wewe. Kampuni inakulipa kwa sababu hiyo hasa, kwamba watu wakikuona wewe hufumba macho. Huwezi kuuza imani ya watu kwako asubuhi, kisha jioni ukasema haikuwa yako.

La pili ni zito zaidi, nami silidharau. "Wewe unasema hivyo kwa sababu karo yako imelipwa," mwenzangu mmoja aliniambia. "Mwenye njaa hachagui." Ni kweli kuwa njaa haina adabu. Ila tuangalie hata kwa jicho la pesa tu, tukiuweka uadilifu kando kwa dakika moja. Mwezi Aprili mwaka 2020 Amazon ilipunguza kamisheni zake kwa pigo moja: vyombo na samani za nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Waliokuwa wakichagua bidhaa kwa kutazama asilimia peke yake walipoteza zaidi ya nusu ya mapato bila kukosa lolote. Asilimia ni ya kampuni, huipandisha na kuishusha ipendavyo. Kilicho chako ni wale watu ambao, ukiwaambia kitu kizuri, watanunua leo, na mwakani watakuuliza tena. Mwenye watu hamsini wanaomwamini anaweza kubadilisha bidhaa akaendelea. Mwenye bidhaa inayolipa nusu bei na hana anayemwamini, huyo amebaki na linki tu. Kwa hiyo maskini ndiye anayepaswa kuchagua zaidi ya wote, maana jina lake ndilo shamba lake la pekee. Tajiri akichoma picha atanunua nyingine.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ni kusema ukweli kuhusu malipo. Dalali wa mnadani anajulikana kuwa ni dalali. Unapomsikiliza, unajua kwamba ulimi wake una bei, nawe unapima maneno yake kwa kipimo hicho. Dalali wa simu hujifanya rafiki tu aliyependa kitu. Huko Marekani, Tume ya Biashara iliandika katika miongozo yake ya mwaka 2009 kwamba anayelipwa kusifia bidhaa lazima afichue kuwa analipwa, na mwaka 2023 ikaifanyia marekebisho miongozo hiyo kuendana na mitandao ya leo. Sisi hatuna haja ya kungoja Marekani itufundishe haya. Inatosha kusema, "Shangazi, ukinunua kwa linki hii mimi hupata shilingi 150, na bei yako haipandi." Maneno hayo hayamfukuzi mnunuzi wa kitu kizuri. Wanaoyaogopa ni wale ambao, wakiulizwa "na wewe unapata ngapi?", hawathubutu kujibu shilingi 1,000 kati ya 2,000. Hicho basi ni kipimo cha sita, na pengine kinatosha peke yake: usitangaze bidhaa ambayo kamisheni yake ungeona haya kuitaja.

Mwisho, nina maombi matatu kwa jamii ya shule yetu. Kwa chama chetu cha Kiswahili, naomba ubao wetu wa matangazo usibandikwe nambari ya mwaliko ya kitu chochote ambacho aliyeileta hawezi kusimama mbele ya chama akakieleza, uzuri na ubaya wake. Kwa walimu wetu wa Elimu ya Biashara, tunawaomba kipindi kimoja kabla ya kufunga kila muhula, watufanyie ile hesabu ya sita mara sita ubaoni mpaka hata aliyesinzia nyuma aamke. Na kwa wenzangu wenye vikaratasi, nawaomba msiwafuate wadogo wetu wa madarasa ya chini. Wanawaamini mno, na wengi wao hutumia simu na laini za wazazi wao. Mkiwaingiza shimoni, jina litakaloandikwa huko chini ni la mzazi.

Wengi wetu tutamaliza shule hii, na si wote watakaopata kazi za ofisini. Wengine tutaishi kwa kuuza, na huenda tukauza vitu ambavyo havijaundwa bado. Ujuzi wa kuchagua kipi cha kusifia na kipi cha kunyamazia utatufaa kuliko linki yoyote tuliyo nayo leo. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini hata kizuri huhitaji mtu mkweli wa kumwambia jirani kwamba kipo. Tuwe watu hao. Nawatakia likizo njema, na ukifika nyumbani, kabla hujatuma linki yako ya kwanza, mfikirie atakayeipokea kwa jina lake.